Pimbi, Kiboko na Magunia Sitini ya Angani

Ngano, ngano!

— Irushe!

Nikiirusha itatua wapi?

— Itue hapa kwetu!

Na ikigoma kutua?

— Tutaifuata huko huko!

Haya, fungeni mikanda.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu kompyuta zilikuwa zimeshafika, paliondokea Kiboko na paliondokea Pimbi. Walikaa bonde moja. Kiboko alikaa bwawani, Pimbi alikaa juu kwenye mawe. Kiboko mnamjua: mdomo kama mlango wa ghala, tumbo kama ghala lenyewe. Pimbi huenda wengine hamjamwona. Ni mnyama mdogo, mnene kama mkate wa boflo, masikio mafupi, na mkia hana kabisa.

Bonde lile lilikuwa na bwawa moja tu. Masika lilijaa, kila mtu akanywa, hakuna aliyemwuliza mwenzake. Lakini kiangazi maji yalipungua, yakapungua, yakabaki pale katikati, na hapo ndipo palihitajika zamu. Nani apange zamu? Wanyama walikubaliana: zamu ya maji atapanga bingwa wa Rali ya Angani.

Kiboko alikuwa bingwa miaka mitatu mfululizo. Zamu aliyopanga ilikuwa hivi. Asubuhi, Kiboko. Mchana, Kiboko. Jioni, Kiboko. Wengine wote, Kiboko akipiga miayo.

Na Kiboko akipiga miayo, mnajua, ni aaah! mara moja, kisha kwisha. Wanyama wakimbie wafike, maji yameshakuwa tope. Mke wa Pimbi alikuwa amejifungua watoto watatu. Kila akienda bwawani alirudi na tope mdomoni na machozi machoni, na maziwa yakaanza kumkauka. Pimbi akamtazama mkewe, akawatazama watoto, akasema, "Mwaka huu naingia rali."

Mkewe akasema, "Wewe? Na Kiboko?"

"Mimi na Kiboko."

"Utamshinda kwa kitu gani, baba watoto? Kwa nguvu?"

"Hapana."

"Kwa kurusha ndege?"

"Kidogo tu."

"Sasa kwa kitu gani?"

Pimbi akasema, "Kwa kumwuliza maswali." Mkewe akaguna, akaendelea kunyonyesha.

Sasa niwaambie rali yenyewe ilivyokuwa, mtu asije akadhani Kiboko aliota mabawa. Kulikuwa na pango kubwa, na ndani ya pango kompyuta mbili, na juu ya pango vioo vya kuvuta umeme wa jua. Ndege zilikuwa ndani ya kompyuta. Unakaa kwenye kiti, unashika usukani, unatazama kioo, ndege yako inaruka humo humo ndani. Ukianguka hufi, unaaibika tu.

Nayo haikuwa rali ya kufika wa kwanza. Kwanza uliandika kwenye karatasi, "Nitatua baada ya dakika kadha," ukaikunja, ukampa mwamuzi, Bi Kanga. Ukitua dakika ile ile uliyoandika, vizuri. Ukiwahi au ukichelewa, kila dakika unakatwa alama tano. Na alama zenyewe zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mzigo. Kila gunia la mahindi ulilopakia kwenye ndege yako lilikuwa alama moja. Gunia likishapanda halishushwi. Na ndege ikigonga kilima, alama zote zinafutwa.

Lakini kabla ya kuruka kulikuwa na nusu saa ya utani. Watu wa maji na watu wa mawe ni watani tangu enzi za babu zao, na rali bila utani ingekuwa kama chai bila sukari. Katika nusu saa ile unamtania mwenzako unavyotaka, huku mnapakia. Atakayekasirika anatolewa nje. Bi Kanga aliandika kila neno, kwaru kwaru kwaru, kwa ukucha wake, ili baadaye mtu asije akaruka maneno yake.

Na utani ndio ulikuwa silaha ya Kiboko. Mwaka uliotangulia alishindana na Digidigi. Alimwambia, "Digidigi, hiyo ni miguu au umetembelea njiti za kiberiti?" Pango zima likacheka. Digidigi naye akacheka, lakini miguu ikaanza kumtetemeka, usukani ukatetemeka, ndege ikatetemeka, na dakika ya tatu, pu! ikagonga Kilima cha Nundu.

Pimbi alikuwepo siku hiyo. Alikuwa kila mahali, maana mtu mdogo hafukuzwi, haonekani. Alimsikiliza Kiboko pangoni, akamsikiliza bwawani, akamsikiliza njiani. Akagundua jambo moja. Kiboko akisikia namba, lazima ataje iliyo kubwa zaidi. Swala akisema, "Nina watoto wawili," Kiboko atasema, "Mimi nina saba," na hana hata mmoja. Nyumbu akisema, "Jana nimelala kwa saa tano," Kiboko atasema, "Mimi kumi na tano!" Hajui kuiacha namba ya mwenzake ipite.

Basi siku ikafika. Jua limewaka, pango limejaa hadi nje. Kiboko akaingia, ti-nga, ti-nga, ti-nga, akaketi kwenye kiti chake. Kiti kikalia nyiii! Pimbi akaingia, tepe tepe tepe, akapanda kwenye kiti chake kwa kurukaruka mara mbili. Kila mmoja akaandika karatasi yake, akaikunja, akampa Bi Kanga. Bi Kanga akaziweka chini ya jiwe.

"Utani uanze!" akasema Bi Kanga, akagonga kengele. Nge!

Kiboko akageuka taratibu. Akakitazama kiti cha Pimbi, akatazama juu, akatazama chini. "Jamani," akasema, "nani amesahau kofia yake kwenye kiti namba mbili?"

Pango likapasuka kwa kicheko. Ha ha ha! Kwaru kwaru, Bi Kanga akaandika.

Pimbi akasema, "Shikamoo, mtani."

"Aa! Kofia inaongea! Marahaba, kofia."

"Mtani, hicho kiti umekikalia au umekimeza? Mbona sikioni?"

Watu wakacheka tena. Kiboko mwenyewe akacheka, ho! ho! ho! hadi kompyuta zikatikisika. Alipenda utani, nisimsingizie. Ulafi alikuwa nao, kinyongo hakuwa nacho.

"Mkia wako uko wapi, Pimbi?" akauliza. "Umeupeleka kwa fundi?"

"Nimeuacha nyumbani, unachunga watoto. Na shingo yako iko wapi, mtani?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya heshima!"

"Kumbe ndiyo maana hujawahi kuiona!"

Yallah! Nyani aliyekuwa mlangoni alianguka chini kwa kicheko. Digidigi alicheka, safari hii miguu imetulia. Kiboko akajifuta machozi kwa bega, akasema, "Kijana, utani unaujua. Sasa tazama mwanamume anavyopakia."

Akaanza kubonyeza. Kila akibonyeza gunia moja linapanda kwenye ndege, na kompyuta inalia. Ti! Ti! Ti! Ti! Yakafika ishirini. Kiboko akashusha mkono. Ishirini ndiyo iliyokuwa kawaida yake, na ishirini ndiyo aliyoipigia hesabu alipoandika karatasi yake. Miaka mitatu alishinda kwa ishirini.

Pimbi akakiangalia kioo cha Kiboko, akaangalia kioo chake kilichokuwa kitupu. Akakuna sikio.

"Mtani," akasema, "ishirini tu? Nikisema ishirini na tano je?"

Kiboko akashtuka kama mtu aliyechomwa mwiba. "Wewe ishirini na tano? Mimi thelathini!"

Ti! Ti! Ti! Ti! Magunia yakapanda. Thelathini.

Watu wakapiga makofi. Pimbi akameza mate, akasema kwa sauti ndogo, "Loo. Nikisema thelathini na tano je?"

"Mimi arobaini!"

Ti! Ti! Ti! Ti! Arobaini. Ndege ya Kiboko pale kwenye kioo ikaanza kukaa chini kidogo, matairi yamebonyea. Kwaru kwaru, Bi Kanga akaandika.

Hapo Kiboko akasita. Akatazama magunia, akatazama kule kwenye jiwe lililobana karatasi. Midomo ikaanza kumchezacheza, kama mtu anayepiga hesabu. "Ngoja kwanza," akasema. "Mimi si huwa naweka..."

Pimbi akaona hatari. Kiboko akiishia arobaini, huenda bado akaruka vizuri. Huenda akashinda. Pimbi akamfikiria mkewe na lile tope mdomoni. Kisha akajilegeza kwenye kiti, akatabasamu.

"Kweli, mtani, pumzika," akasema. "Arobaini ni mengi kwa mtu wa umri wako. Tena umejitahidi. Hakuna atakayekucheka." Akaongeza, "Sana."

"Umri wangu?" akasema Kiboko.

"Nasema tu, mtani. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiimba nyimbo zako."

Pango likaangua kicheko, na kicheko hicho kikamwingia Kiboko masikioni kikasukuma hesabu zote nje. Hakukasirika, maana angetolewa. Lakini kifua kilimpanda.

Pimbi akasema, "Sasa, mtani, nikisema arobaini na moja je? Moja tu ya kukupita."

"Hamsini!" akanguruma Kiboko.

Ti! Ti! Ti! Ti! Hamsini. Na unajua, yale magunia yalichorwa vizuri mno, manono, ya manjano, mengine mahindi yamechungulia mdomoni. Kiboko alipenda mahindi kuliko jina lake. Kila gunia lilipopanda, mate yalimdondoka, to, to, to.

Digidigi akasogea nyuma ya kiti cha Pimbi, akanong'ona, "Ndugu yangu, acha. Wewe utayabebaje hayo yote? Utaumbuka."

 Pimbi alikuwa anamtazama Kiboko kwa jicho la huruma.

"Mtani wangu mpenzi," akasema, "hili ni la mwisho, nakuuliza. Nikisema hamsini na tisa, utafanya nini?"

"Sitini!" Kiboko akapiga meza, bam! "Sitini! Usiulize tena!"

Ti! Ti! Ti! Ti! Kompyuta ikalia hadi sauti ikaikauka. Sitini. Ndege ya Kiboko ikakaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

"Siulizi tena," akasema Pimbi.

Bi Kanga akainua kengele. "Utani umebaki dakika moja. Pimbi, wewe bado hujapakia kitu."

Pimbi akanyoosha kidole. Ti. Ti. Ti. Watu wakahesabu kwa sauti. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mawili.

Akashusha mkono.

Watu wakainuka waone kioo. Kisha Kiboko akacheka, ho! ho! ho! ho! "Kumi na mawili! Kofia imenywea! Jamani, mmeona? Mdomo mrefu, mzigo mfupi! Sitini kwa kumi na mawili! Mke wako mwambie azoee tope!"

Hilo la mke lilimchoma Pimbi. Masikio yalimsimama. Bi Kanga akamtazama kwa makini, kalamu yake ya ukucha imeinuka, kuona kama atakasirika. Pimbi akavuta pumzi. Akashusha pumzi. "Umenipata hapo, mtani," akasema, akacheka na wenzake. 

Nge! Kengele ikalia. "Marubani, rukeni!"

Ndege ya Pimbi ikaondoka Kiwanja cha Mawe Mekundu, tiri-tiri-tiri, ikapaa kama shomoro. Ndege ya Kiboko ikaondoka, ngrrr, ngrrr, ngrrr. Ikakimbia hadi nusu ya kiwanja, haijapaa. Ikakimbia hadi robo tatu, haijapaa. Ikakimbia hadi kwenye nyasi za mwisho, ndipo ikajivuta hewani, matairi yakiburuza majani. Kiboko bado alikuwa anacheka.

Mbele kulikuwa na Kilima cha Nundu. Pimbi ndiye aliyekifikia kwanza, na hapo upepo ulimpiga, vuuu! ndege ikalala upande. Pimbi akaufuta mkono wake kwenye manyoya, akaushika tena usukani, akasema moyoni, polepole, polepole, kama unapita juu ya jiwe linaloteleza. Ncha ya kilima ikapita chini yake, karibu sana, hata Digidigi akafumba macho. Akapita.

Kiboko akavuta usukani apande. Ndege ikasema ngrrr, haikupanda. Akavuta kwa mikono miwili. Ngrrr. Akavuta kwa mikono miwili na meno. Ngrrr! Kilima kinakuja, ndege haipandi.

"We ndege!" akapiga kelele. "Panda! Panda, mwenzio nakuamuru!"

"Labda imeshiba, mtani," akasema Pimbi bila kugeuka.

Ikabidi Kiboko akizunguke kilima. Kilima cha Nundu si kidogo. Akazunguka, akazunguka, akiomboleza na kuwataja babu zake wote wa bwawani, na watu wakaleta mihogo wakaanza kula wakimngojea.

Pimbi akatua Kiwanja cha Mikoche, mwisho wa safari. Tiri-tiri-tiri, tik. Akaruka chini ya kiti, akapangusa jasho. Baada ya muda mrefu, muda mrefu kabisa, Nyani alipokuwa amemaliza muhogo wa pili, Kiboko naye akatua. Ngrrr, bam, bam, bam, kwishne.

Bi Kanga akainua jiwe, akafungua karatasi. "Pimbi aliandika dakika ishirini na nane. Ametua dakika ya ishirini na tisa. Amechelewa dakika moja, nakata alama tano. Magunia kumi na mawili. Zinabaki saba."

"Saba!" Kiboko akasema. "Mimi nina sitini!"

"Kiboko aliandika dakika thelathini," akasema Bi Kanga. "Ametua dakika ya arobaini na tisa. Amechelewa dakika kumi na tisa. Nakata alama tisini na tano. Magunia sitini." Akahesabu vidole, vikaisha, akaazima vya Nyani. "Kiboko hana kitu. Na bado tunamdai alama thelathini na tano."

Pango likalipuka! Kikekeke! Vigelegele! Digidigi akaruka juu hadi akagonga kichwa. Alama saba, ushindi mdogo kuliko wote tangu rali ianze, lakini ushindi.

Kiboko akasimama, kiti kikasimama naye, kimemganda. "Napinga! Huyu mwongo! Alisema ishirini na tano! Akasema thelathini na tano! Akasema arobaini na moja! Akasema hamsini na tisa! Mwamuzi, soma!"

Bi Kanga akafungua daftari lake, akasoma polepole. "Pimbi: *Nikisema* ishirini na tano je? Pimbi: *Nikisema* thelathini na tano je? Pimbi: *Nikisema* arobaini na moja je? Pimbi: *Nikisema* hamsini na tisa, utafanya nini?" Akafunga daftari. "Hakusema. Alisema nikisema."

Kiboko akafungua mdomo.   "Kwa hiyo hakusema?"

"Hakusema," wakaitikia wote.

"Aliuliza?"

"Aliuliza!"

"Na mimi nikajibu?"

"Ukajibu mara nne!"

Kiboko akamtazama Pimbi, Pimbi akamtazama Kiboko. Watu wa mbele wakaanza kurudi nyuma taratibu. Kisha tumbo la Kiboko likaanza kutikisika, kidogo, halafu zaidi, na kicheko kikamtoka, ho! ho! ho! hata kiti kikadondoka chenyewe. "Mtani," akasema, "umenipakia mimi mzigo, si ndege."

Kesho yake Pimbi akapanga zamu. Asubuhi, wanaonyonyesha na watoto. Mchana, Kiboko, maana ngozi yake haipatani na jua, na Pimbi hakuwa mtu mbaya. Alasiri, wenye pembe. Jioni, wengine wote. Nani anywe wa kwanza kabisa asubuhi, maji yakiwa bado matulivu kama kioo? Sijui ilikuwaje, sijui ni bahati gani, jina lililokuja juu lilikuwa la mke wa Pimbi. Bi Kanga aliliona, akakohoa, akaacha.

Mama yule akashuka na watoto watatu, akainama, akanywa. Akanywa tena. Hakuna aliyemharakisha.

Ngano yangu imekwisha. Nimeiweka mlangoni, ukitoka ichukue, ukirudi nirudishie.

Na fundisho lake ni hili, sikilizeni vizuri: watoto wadogo mbele ya wakubwa wanyamaze kimya, na wasiwe watu wa kuulizauliza maswali.

— Lakini Pimbi aliuliza!

Nani amesema hivyo?

— Sisi! Pimbi aliuliza, ndipo akashinda!

Mmeona sasa? Fundisho mmelipata wenyewe, mimi wa nini? Nendeni mkanywe uji.